Majina Aliyoyadai Nesi

Ukimkosea Nesi leo, hata miaka mitano ikipita, kwake ilikuwa bado leo. Sisi tuliokaa naye Kambini tulilijua hilo, na yeye hakulificha. Kwaresima moja katekista kutoka Mkuyuni alimjia akamweleza, kwa upole kabisa, kwamba kusamehe ni kujitua mzigo. Nesi alimsikiliza mpaka mwisho, akamwongezea chai, kisha akamjibu, "Mwalimu, nimesamehe wengi sana maishani mwangu. Hawa waliobaki, niachie."

Sitasema alizaliwa wapi wala alikuwa mwana wa nani. Mwenyewe hakupenda kuulizwa, na mimi kwa miaka tisa niliyokuwa jirani yake sikumuuliza. Alikuwa nesi wa zahanati ya kiwanda chetu cha nguo, pale Morogoro mjini, tangu mitambo ikiwa inanukia rangi mpya. Kiwanda kilipokwisha, zahanati ikafungwa, naye akastaafu. Lakini unesi haukumtoka. Kila asubuhi alivaa gauni lake jeupe lililokwisha kupauka, akalifunga mkanda, akatoka barazani kana kwamba mganga mkuu yuko njiani anakuja kukagua.

Kambini palikuwa mbele kidogo ya Mkuyuni, kwenye barabara ya kwenda Matombo. Kampuni moja ya kigeni iliyokuja kutengeneza barabara iliacha pale nyumba za mbao kama ishirini hivi, zimepangwa mistari miwili, zimekalia matofali. Zilikuwa za kuunganishwa kwa nati; ukipenda ungeweza kuifungua yako ukaipakia kwenye lori ukaenda zako. Chama cha wastaafu wa kiwanda kilihangaika mpaka kikazipata, nasi tukahamia na vitanda vyetu na kuku wetu. Waluguru walioshuka kutoka Kinole na ndizi na mdalasini walituita watu wa masanduku.

Ardhi yenyewe haikuwa yetu. Ilikuwa ya ukoo, na kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, kwa hiyo tulikwenda kumpigia goti bibi mmoja mfupi ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo wake. Alituruhusu kwa masharti mawili. Tusipande mti wa kudumu, na tusizike mtu. "Kaeni," alisema, "lakini msitie mizizi." Wenzangu walinung'unika njia nzima wakati wa kurudi. Nesi alisema, "Huyu ndiye mtu wa kwanza aliyetuambia ukweli tangu kiwanda kiuzwe."

Mimi sikuwa mzee. Nilikuwa mfumaji, na nilipunguzwa kazi nikiwa na miaka arobaini na tatu. Hiyo ilikuwa ile miaka ya ruksa, mitumba imejaa masokoni kwa marobota na nguo zetu zinalala ghalani, mpaka kiwanda akapewa mwekezaji. Siku ya kupunguzwa tulisimamishwa uwanjani, ndani ya geti. Meneja Utumishi alipanda ngazi za ofisi akiwa na kipaza sauti, akaanza kusoma. Hakusoma majina. Alisoma namba za kazi. Ukisikia namba yako una nusu saa ya kutoa vitu vyako kabatini. Sasa sisi wafumaji masikio yetu yalikwisha kufa nusu kwa kelele za mitambo. Wapo ambao hawakusikia kitu. Mimi ni mmoja wao. Nilirudi kwenye mtambo wangu, nikafunga kitambaa kichwani, nikaanza kuunganisha nyuzi zilizokatika, mpaka askari wawili waliponishika mikono na kunitoa nje wenzangu wakitazama. Nilikuwa nimefanya kazi pale miaka ishirini na miwili.

Ninaeleza haya ili ujue kwamba kisasi hakikuwa cha Nesi peke yake. Yeye alikuwa na ujasiri tu wa kukivaa hadharani, kama lile gauni.

Mikono yake haikuwa na kisasi hata kidogo. Sijapata kuona mikono mepesi vile. Alichoma sindano mtoto akiwa bado anangoja kulia. Barazani kwake palikuwa na benchi moja, na sheria ilikuwa moja pia: aliyewahi ndiye wa kwanza, isipokuwa mja mzito. Wanawake wa vijijini waliteremka milimani na watoto migongoni kumfuata yeye, wakapita zahanati ya serikali bila kugeuza shingo. Dawa alizipata kwa kusumbua watu mjini. Hakuna aliyeweza kumnyima mara mbili.

Kisasi kilikaa mdomoni na miguuni. Mwenye duka mmoja pale Mkuyuni alimuuzia maharage yaliyobunguliwa, na aliporudi kulalamika, jamaa akamcheka mbele ya watu. Tangu siku hiyo Nesi alinunua mahitaji yake duka la mwisho kabisa, lakini wakati wa kurudi alipita mbele ya lile la kwanza, akasimama, akatua kikapu chini, akavitoa vitu kimoja kimoja, akavipanga upya, ndipo akaondoka. Miaka mitatu. Mwishowe mwenye duka alimtuma mkewe na kilo ya sukari kuomba yaishe. Nesi alimkaribisha yule mama, wakaongea vizuri, akamrudishia sukari yake. "Wewe hukunikosea," alimwambia. "Kwa nini ubebe wewe?"

Nami yalinipata. Kuku wangu waliingia kwenye mchicha wake, wakaumaliza. Nesi hakunisemesha miezi minne. Mwezi wa pili mwanangu Tatu akashikwa na malaria kali, akawa anaweweseka. Nesi alikuja bila kuitwa, akaja tena mchana, akaja tena jioni, siku tano mfululizo. Alimkanda, akamdunga, akamwimbia. Mimi nimesimama pale pale mlangoni, na yeye anamwambia mtoto, "Tatu, mwambie mama yako achemshe maji." Tatu naye, na homa yake, ananigeukia: "Mama, chemsha maji." Alipopona, Nesi akarudi kwenye kimya chake, akakamilisha miezi yake miwili iliyobaki.

Basi huyo ndiye mtu ambaye Meneja Utumishi alimletea mguu wake.

Alikuja mwaka wetu wa tatu, na pikapu iliyobeba makochi makubwa yasiyoweza kupita kwenye milango yetu. Yule mwekezaji alimtumia kutupunguza sisi, kisha akampunguza na yeye. Nyumba aliyokuwa akikaa mjini ilikuwa ya kiwanda. Mkewe alikwisha kufariki, watoto wako Dar es Salaam na mambo yao. Mwenzetu mmoja aliyerudi kwao Songea alimuuzia nyumba ya mwisho mstari wa pili, na hakutuambia amemuuzia nani.

Nilifurahi. Sitasema uongo. Nilisimama dirishani nikamtazama akijaribu kulipitisha kochi kwa ubavu, halafu kwa miguu, halafu akalikalia pale pale nje, na nilijisikia kama niliyepewa zawadi. Hakuna aliyetoka kumsaidia. Asubuhi alipita akisalimia nyumba kwa nyumba, na nyumba kwa nyumba milango ikafungwa. Kiwandani wazee wenye umri wa baba yake walimwamkia shikamoo kwa sababu ya tai yake. Sasa hata habari za asubuhi hakupata.

Alikuwa na kisukari, na kwenye kisigino cha kulia kidonda kilichogoma kupona. Kwenda mjini kila siku hakuweza. Wiki ya pili akaja barazani kwa Nesi, akakaa mwisho wa benchi. Mimi nilikuwa pale, nimempeleka Tatu na jino. Zamu yake ilipofika, alikunja suruali. Nesi alikwisha kuweka beseni la maji ya chumvi, gauzi na bandeji mezani. Akakaa mbele yake kwenye kigoda, akamtazama usoni.

"Unanikumbuka?" akamuuliza.

"Ndiyo, Nesi. Wa zahanati."

"Jina langu?"

Meneja akatazama beseni. Hakulijua.

"Si neno," Nesi alisema. "Siku ile ulisoma namba. Mimi nataka majina. Kila asubuhi, kabla sijaugusa mguu huu, unitajie mtu mmoja uliyemtoa. Jina lake na idara yake. Mmoja tu. Leo mtaje mmoja."

"Nesi, yale yalikuwa maagizo kutoka juu..."

"Mtaje mmoja."

Alifikiri. Nilimwona akifikiri; jasho lilimtoka. "Hamisi," akasema mwishowe.

"Hamisi gani?"

"Hamisi wa... wa rangi."

"Idara ya rangi kulikuwa na akina Hamisi watatu. Kesho uje uniambie ni yupi." Akanyanyuka, akamwaga maji ya beseni kwenye mchicha.

Benchi zima lilimwona akishusha suruali yake juu ya kitambaa kilicholowa usaha, akaondoka akichechemea. Mama mmoja wa Kinole aliyekuwa na mtoto mgongoni alisema taratibu, "Nesi, mguu ule unanuka." Nesi akajibu, "Najua. Nimeusikia kabla yako."

Mchana Meneja alikuja mlangoni kwangu. Alivua kofia. Akaniomba nimsaidie jina. Na mimi, Mungu ananiona, nilimpa jina la uongo. Nilimwambia Zakaria wa karakana. Hapakuwahi kuwa na Zakaria wa karakana; Zakaria alikuwa mwuza kahawa nje ya geti. Asubuhi niliwahi benchi bila ugonjwa wowote, ili nisikie. Alipolitamka, Nesi aligeuka akanitazama mimi, si yeye. "Huyo hukumtoa wewe," akamwambia. "Huyo yuko na birika lake mpaka leo." Meneja akarudi tena na kidonda chake. Nilicheka kimoyomoyo, kisha usiku sikula vizuri.

Siku ya tatu alikwenda kwa Mzee wa Boila, aliyewasha boila la kiwanda tangu ujana wake. Akapiga hodi, akasema, "Shikamoo mzee." Mzee wa Boila alimwacha asimame juani muda mrefu, halafu akaitika, "Marahaba." Akampa jina la kweli, na habari za mtu mwenyewe akamsimulia: ana watoto wangapi, alijaribu kuuza mkaa, mapafu yakamshinda. Kesho yake Meneja alilitaja jina lile na idara yake, na bila kuulizwa akasema na la mkaa. Nesi alichota maji, akaufungua ule mguu kama anayefungua kitu cha thamani, akausafisha. Sikumwona hata akikunja pua.

Ikawa hivyo miezi. Nyumba zilizomfungia milango zikaanza kufungua, kwa sababu kila mtu alitaka mtu wake atajwe. Asubuhi barazani alitaja, mchana alizunguka kutafuta wa kesho. Siku za gulio alikwenda Mkuyuni kuwavizia waliokuwa wafanyakazi wenzetu wakija kununua nanasi. Wengine walimtukana kwanza. Alingoja wamalize ndipo aulize. Mmoja alimtemea mate. Hilo nalo aliliambia benchi, pamoja na jina.

Kidonda kilikuwa kinafunga. Mikono ya Nesi haikujua kufanya kazi mbovu.

Sasa kuna jambo ambalo Kambini nzima tulilijua na Meneja hakulijua. Mume wa Nesi alikuwa Dominiki, fundi wa mitambo ya kufumia. Namba yake ilisomwa siku ile, ikiwa imembakia miezi michache astaafu kwa heshima. Kesho yake asubuhi alivaa ovaroli, akaenda akasimama nje ya geti. Kesho yake tena. Alisimama pale kila siku ya kazi, saa za kazi, akaondoka pamoja na zamu. Nesi alijaribu kumzuia, akajaribu dawa za usingizi, akajaribu kumpeleka kwao. Alipougua, hakuwa na ugonjwa ambao Nesi angeweza kuuandika. Alikufa masika, na jioni ya msiba Nesi alilifua lile ovaroli akalianika.

Mwezi ule wa kwanza wa majina, Nesi alituita akina mama na akina baba wote, akatuambia, "Dominiki asitajiwe na mtu. Nataka alitoe mwenyewe kichwani mwake. Atakayemwambia, siku akiumwa asije kwangu." Kila mtu alikubali. Kila asubuhi Meneja alipofungua mdomo, nilimwona Nesi akishika gauzi na kungoja, na jina likatoka la mtu mwingine, naye akainamisha kichwa akaanza kazi.

Mzee wa Boila ndiye aliyethubutu. "Nesi," alimwambia siku moja, "mtu amenyooka sasa. Yatosha."

"Wewe ulipewa muda gani kukusanya vitu vyako?"

"Nusu saa."

"Basi mimi sijamaliza nusu saa yangu."

Mvua za vuli zilipoanza, Meneja alikuja kwangu mchana mmoja akajibanza barazani. Kidonda kilikwisha kuwa kidogo kama punje ya kunde. Nilimpa kigoda. Hakuniomba jina. Alitazama maji yakishuka kutoka kwenye bati, kisha akasema, "Mama Tatu. Kufuma, zamu ya kwanza. Wewe ulirudi kwenye mtambo kwa sababu hukusikia. Mimi niliona kwamba hujasikia. Ningeweza kuja kukuambia. Niliagiza askari."

Hilo hakuna aliyemwambia. Nilikuwa sijamsimulia mtu Kambini kwamba sikuisikia namba yangu, kwa aibu. Alilitoa mwenyewe.

"Wanakuja sasa," akasema. "Nikilala naona nyuso. Kuna mmoja amesimama nje ya geti, kila nikipita na gari yupo, na simjui jina."

Nilitakiwa kunyamaza. Badala yake nilisikia sauti yangu ikisema: Dominiki. Nikamwambia yote, mpaka yale madogo: kwamba mtambo wangu ukigoma alikuja akiinama juu yake huku anapiga mluzi, na mimi peke yangu niliusikia mluzi ule kwa sababu mtambo ulikuwa umezimwa. Nikamwambia alikuwa mume wa nani. Meneja alifunika uso kwa kofia yake.

Asubuhi Nesi alikaa kwenye kigoda. Akashika gauzi, akangoja.

"Dominiki," Meneja akasema. "Fundi wa mitambo, idara ya kufuma. Alikuwa akipiga mluzi akifanya kazi. Alisimama nje ya geti na mimi nilipita na gari."

Nilidhani atalia, au atampiga. Nesi alifungua bandeji, akasafisha, akapaka dawa, akafunga upya, taratibu, akaupangusa mguu wote mpaka vidoleni. Alipomaliza akasema, "Kidonda kimepona. Usirudi hapa."

"Nesi, naomba unis—"

"Sikukuomba uombe. Nilikuomba utaje. Umetaja. Nenda."

Meneja aliondoka Kambini kabla ya Krismasi. Binti yake alikuja kumchukua. Baadaye tulisikia amefariki huko Dar, kwa moyo. Nesi aliendelea na benchi lake kama kawaida, akanisalimu asubuhi, akaniitikia jioni, akamtibu Tatu kila alipougua. Sikuweza kujua kama anajua nilichofanya. Magoti yalipomchosha, mwanawe alimchukua akampeleka Kihonda, pembeni ya mji, kwenye nyumba ya matofali yenye mabati mekundu, kati ya karakana ya milango ya chuma na mashine ya kusaga.

Nilikwenda kumwona Jumapili moja, miaka mingi imepita. Nilimkuta uani kwenye kiti cha plastiki, amekonda, gauni jeupe hana tena, amevaa khanga. Alinipima presha kabla hata sijakaa vizuri, akanigombeza kuhusu chumvi. Tuliongea habari za Kambini, nani amekufa, nani amehama, yule bibi wa ardhi bado yu hai na bado mfupi. Nikaona nisipolisema siku ile sitalisema.

"Nesi, kuna jambo," nikaanza. "La Dominiki. Mimi ndiye niliyemwambia."

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Mluzi. Nani mwingine alikuwa na mluzi wa mume wangu?"

Mashine ya kusaga ilinguruma, tukangoja inyamaze.

"Alikwisha kumwona pale getini, alikuambia?" akauliza.

"Aliniambia. Alikuwa anauona uso, jina tu hakulijua."

"Basi alikuwa njiani." Alitazama mikono yake juu ya mapaja. "Ilibaki siku mbili. Labda tatu. Angelifukua mwenyewe, lingemtoka kwa uchungu wake, na mimi ningekuwa nimekaa pale namtazama. Nilingoja miezi saba. Wewe ukampa bure, kama mtu anayempa mgeni maji. Yule alikufa akiwa ameambiwa, Mama Tatu. Hakufa akiwa amekumbuka."

Nililia kidogo, naye aliniacha nilie, hakunigusa.

"Umenisamehe?" nikauliza mwishowe.

Aliwaza kwa haki kabisa, kama alivyokuwa akiwaza juu ya dawa ya kumpa mtu.

"Hapana," akasema. Kisha akamwita mwanawe alete chakula, akanisogezea maji ya kunawa. "Kula. Gari la mwisho la Mkuyuni linajaa mapema."